Grace Hopper na kompyuta iliyokatazwa Kifaransa

Grace Murray alipofanya mtihani wa kuingia chuo cha Vassar, akiwa na miaka 16, alianguka Kilatini. Hesabu zilimtii, Kilatini hakikumtii. Ikabidi angoje mwaka mzima, arudie vitenzi na nomino za Warumi, na ndipo mwaka 1924 akafunguliwa mlango. Naanza hapa makusudi, kwa sababu katika kitivo chetu jina lake likitajwa tunawaachia wenzetu wa informatiki, kana kwamba halituhusu. Ni kosa. Swali lililomshughulisha mwanamke huyu kwa zaidi ya miaka 40 ni swali letu kabisa: mtu na mashine waelewane kwa lugha ya nani?

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima. Maradhi ya mishipa yalimfanya akatwe miguu, naye alitaka mabinti zake wapate masomo sawa na ya kaka yao, wajue kujitegemea siku akiondoka. Mama alipenda hesabu, ila alizaliwa wakati ambapo hakukuwa na mlango wa kumpeleka mbali nazo. Inasimuliwa kwamba Grace, akiwa na miaka saba, aliifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi, akashindwa kuirudishia. Akafungua ya pili ili ajifunze kurudishia ya kwanza, akashindwa tena. Akaendelea chumba kwa chumba mpaka saa saba za nyumba zikalala vipande vipande sakafuni. Mama hakumpiga. Alimwachia saa moja ya kuchezea, nyingine zote akamkataza.

Vassar alimaliza mwaka 1928, katika hesabu na fizikia. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi, na jina hilo la mume ndilo alilozikwa nalo ingawa ndoa ilivunjika mwaka 1945. Mwaka 1934 alipata udaktari wa hesabu katika chuo kikuu cha Yale. Wakati huo alikuwa tayari amerudi Vassar kufundisha, na ufundishaji wake una jambo moja ambalo walimu wetu watalipenda na wanafunzi watalichukia. Aliwapa wanafunzi wa hesabu kazi ya kuandika insha kueleza kanuni waliyojifunza, kisha alisahihisha sarufi na mpangilio wa sentensi kama mwalimu wa lugha. Wakalalamika kwamba wao walikuja kwa ajili ya hesabu. Yeye aliwajibu kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwingine haimfai aliyeijua. Msimamo huo hakuuacha tena. Mambo mengine yote aliyoyafanya baadaye naona yalitoka hapo.

Vita vilipoingia Marekani alitaka kuwa mwanajeshi wa majini. Babu wa mmoja wa wazazi wake alikuwa amirali, na damu hiyo alijivunia. Lakini alikuwa na miaka 37, na kilo zake hazikufika 48, pungufu kwa karibu kilo 7 kulingana na kipimo cha jeshi. Aliomba ruhusa ya pekee, akapewa, akaapishwa Desemba 1943, na katika mafunzo ya maofisa mwaka 1944 akashika nafasi ya kwanza. Alitegemea kupelekwa kwenye kazi ya kuvunja siri za maandishi ya adui. Badala yake, tarehe 2 Julai 1944, aliripoti chuo kikuu cha Harvard, katika chumba kimoja chenye mashine ya urefu wa zaidi ya mita 15.

Mashine hiyo iliitwa Mark I. Msimamizi wake, Howard Aiken, alikuwa mkali, naye siku hiyohiyo ya kwanza alimpa hesabu ya kufanya, bila kumwonyesha hata pa kuanzia. Mark I haikuwa na skrini wala kibodi. Iliongozwa kwa ukanda wa karatasi wenye matundu. Kila mstari wa ukanda ulikuwa na nafasi 24, katika mafungu matatu ya nane nane: fungu la kwanza likisema namba itoke wapi, la pili iende wapi, la tatu ifanywe nini. Tundu moja likikosewa, hesabu ya siku nzima inaharibika. Kujumlisha kulichukua theluthi ya sekunde, kuzidisha sekunde sita. Simu aliyo nayo kila msomaji wa jarida hili ingeicheka, lakini mwaka 1944 ilifanya kazi usiku na mchana, na watu walilala karibu nayo ili ikikwama waamke.

Mwezi Agosti mwaka huo aliletwa mtaalamu John von Neumann na hesabu ngumu ambayo shabaha yake haikuelezwa kwa waliokuwa wakitoboa kanda. Baada ya miji miwili ya Japani kuteketea ndipo walipojua kwamba walikuwa wamesaidia hesabu za bomu la atomiki. Kwetu habari hii haiko mbali: urani nyingi ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na waliochimba nao hawakuambiwa inakwenda wapi.

Aiken alimwamuru Hopper aandike kitabu cha kueleza mashine. Alipojaribu kujitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu, aliambiwa kwamba sasa yuko jeshini. Kikatoka mwaka 1946, kurasa zaidi ya 500. Kila jioni alimsomea mkubwa wake alichoandika mchana, na sentensi isiyoeleweka ilirudishwa. Yule aliyewatesa wanafunzi wa Vassar kwa insha sasa aliteswa kwa dawa ileile.

Hapa niweke sawa hadithi moja ambayo kila mtu anaijua vibaya. Husemwa kwamba Hopper ndiye aliyebuni neno la Kiingereza bug, yaani mdudu, kwa maana ya kosa ndani ya mashine, siku nondo alipokutwa amekufa ndani ya Mark II, mdogo wake Mark I. Nondo alikuwepo kweli. Alipatikana tarehe 9 Septemba 1947, akabandikwa kwa utepe katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Lakini soma kwa jicho la mwanafunzi wa lugha kile ambacho mafundi waliandika chini yake: walifanya mzaha kwamba safari hii mdudu aliyepatikana ni mdudu halisi. Mzaha wa namna hiyo unawezekana tu pale ambapo neno limekwisha kuzoeleka kwa maana ya pili. Na ndivyo ilivyokuwa. Mafundi wa umeme walilitumia tangu karne ya 19, Edison akiwa mmoja wao. Hopper hakumkamata nondo, wala hakubuni neno. Alikisimulia kisa kila alipokwenda, kwa ufundi wa msimuliaji, mpaka kikawa chake. Wafaransa, kwa upande wao, wamejitahidi kulivalisha neno hilo nguo za kwao na kuliandika bogue. Sisi ambao wadudu wetu huingia hata kwenye meno tungelipokea bila shida.

Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1949 alikuwa na miaka 42, ameachika, hana kazi, na alikuwa akinywa pombe kupita kiasi. Alikwisha kunywa hivyo tangu miaka ya vita, na mwaka huo unywaji ulimfikisha mikononi mwa polisi. Vitabu vya kumsifu hulifunika jambo hili. Mimi naona hasara iko katika kulifunika: rafiki zake walimwandikia waziwazi kuwa anajiua, akasikia, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa Philadelphia, katika kampuni ndogo ya Eckert na Mauchly waliokuwa wakiunda UNIVAC, kompyuta ya kuuzwa kwa wafanyabiashara na ofisi za serikali. Kabla yake walikuwa na mashine iliyohesabu kwa nane nane: baada ya 7 inakuja 10, namba 8 na 9 hazipo. Hopper aliizoea kiasi kwamba siku moja hesabu zake za benki zilikataa kulingana. Alihangaika nazo kwa miezi, akamwendea mdogo wake wa kiume, mtaalamu wa mambo ya fedha, ambaye baada ya kukagua alimwonyesha kwamba hapa na pale alikuwa ametoa kwa nane nane. Alisema baadaye kuwa kisa hicho kilimfundisha mtu hawezi kuishi katika lugha mbili za namba na asichanganye. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa asubuhi, tukauza na kununua kwa Kiswahili mchana, tunaijua hali hiyo.

Tazama sasa jinsi programu zilivyoandikwa siku zile. Kila mtu alikuwa na daftari lake. Aliyetafuta njia ya kupata kipeo au kipimo cha pembe alimwendea mwenzake aliyekwisha kuiandika, akainakili kwa mkono. Na hapo ndipo balaa lilipoingia, kwa maana wataalamu wa hesabu ni wanakili wabaya. Herufi B iliyoandikwa haraka iligeuka 13. Alama ya delta ikageuka 4. Anayesoma miswada ya kale ya utenzi, ambamo nukta moja hubadilisha herufi ya Kiarabu na herufi moja hubadilisha beti, ataona kwamba ugonjwa ni mmoja.

Hopper alijiuliza kwa nini kazi ya kunakili isipewe mashine yenyewe. Kati ya mwisho wa mwaka 1951 na Mei 1952 alitengeneza programu aliyoipa jina A-0. Vipande vyote vya kazi viliwekwa kwenye utepe na kila kimoja kikapewa namba, kama vitabu vya maktaba. Mtu aliandika namba tu kwa mpangilio. Kompyuta ilikwenda rafuni, ikachukua kipande hiki na kile, ikavipanga, ikarekebisha anwani zao, ikatoa programu nzima. Kwa kuwa ilikuwa ikikusanya, aliiita kompaila, neno ambalo kwa Kiingereza na Kifaransa lilikuwa la mtu anayekusanya maandishi ya wengine akafanya kitabu kimoja. Ajabu ni kwamba kompaila za leo hazikusanyi, zinatafsiri. Kazi imebadilika, jina limebaki, kama mji unaoendelea kuitwa soko hata baada ya soko kuhamishwa.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kilichomkaba: vipi kipande cha kwanza kiruke kwenda mahali ambapo bado hapajaandikwa? Alipata jibu katika mpira wa kikapu alioucheza akiwa Vassar, ambamo mchezaji aliyebanwa humpa mwenzake mpira ili ampitishie mbele. Alitenga kona ya kumbukumbu ya mashine, na mruko uliokosa mahali pa kutua ulirushwa kwanza pale, ukingoje kupokewa. Mei 1952 alieleza jambo hili mbele ya wataalamu mjini Pittsburgh. Wengi hawakusadiki. Waliamini kompyuta hufanya hesabu, basi; haiwezi kuandika programu. Alikuwa na kompaila inayofanya kazi na hakuna aliyetaka kuigusa.

Lakini A-0 ilikuwa bado lugha ya namba, na wateja wa UNIVAC hawakuwa wanahesabu. Walikuwa makarani wa bima, watu wa mishahara, watunza ghala. Hopper aliwatembelea, akawaona wakitishwa na alama. Wataalamu wenzake walidhani suluhisho ni kuwafundisha alama. Yeye aliona kwamba watu hao tayari wana lugha ambayo wanaelezea kazi yao kila siku, nayo ina vitenzi vichache tu: soma, linganisha, hamisha, ongeza, andika, simama. Alipendekeza programu ziandikwe kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Alijibiwa kwamba kompyuta haielewi Kiingereza. Jibu hilo lilimkera, kwa kuwa lilionyesha kwamba waliolitoa walidhani kompyuta inaelewa kitu kingine chochote.

Januari 1955 aliwapelekea wakubwa wa kampuni ripoti ya kuomba fedha, pamoja na mfano mdogo unaofanya kazi: programu fupi ya kusoma faili mbili za bidhaa na bei na kuzilinganisha, imeandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Halafu yeye na wenzake wakafanya jambo moja zaidi, ili kuonyesha nguvu ya wazo lao. Waliondoa maneno ya Kiingereza wakaweka ya Kifaransa: mahali pa kitenzi cha kusoma pakakaa lisez, mahali pa kwenda pakakaa allez. Kompyuta ikafanya kazi bila kugeuka nyuma. Wakarudia kwa Kijerumani. Ikafanya tena.

Walitegemea kupongezwa. Wakubwa wakapigwa na bumbuazi. Kwao haikuingia akilini kwamba kompyuta ya heshima, ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, inaweza kufahamu Kifaransa, na Kijerumani ndiyo kabisa. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu vita na Ujerumani, na nchi ilikuwa katika hofu ya kila kitu chenye harufu ya ugeni. Mfano uliokusudiwa kuwaondolea shaka ukawa ndio unaowatia shaka. Kwa muda wa miezi minne hivi Hopper alikuwa na kazi ya kuwatuliza, na hawakutulia mpaka alipowaahidi kwamba programu zitaandikwa kwa Kiingereza peke yake.

Nimesoma maelezo mengi yanayokitaja kisa hiki kama kichekesho. Kinachekesha, ndiyo. Lakini mimi, ninayesoma nchini ambamo mwanafunzi wa informatiki huelezwa somo kwa Kifaransa kisha huandika amri kwa Kiingereza, sikiwezi kukicheka hadi mwisho. Hopper alikuwa ameonyesha, kwa mashine inayowaka mbele ya macho, kwamba kwa kompyuta neno ni mfululizo wa alama tu. Haijui kwamba lisez ni Kifaransa. Haijui kwamba kitenzi chake cha Kiingereza ni Kiingereza. Lugha zote ni ngeni kwake kwa kipimo kilekile. Kiingereza kilichotawala baadaye katika programu hakikutawala kwa sababu mashine ilikihitaji. Kilitawala kwa sababu wenye fedha walikuwa Waingereza wa lugha, na katika miezi ile minne walipewa nafasi ya kuchagua.

Ushahidi kwamba njia ile ilikuwa wazi tunao kila siku mezani. Katibu anayejumlisha alama zetu za mitihani kwa Excel yenye Kifaransa anaandika SOMME, SI, MOYENNE. Faili hiyohiyo akimtumia mwenzake wa Kampala, huyo ataona SUM, IF, AVERAGE, na jumla haitabadilika hata kwa nukta. Huo ndio mfano wa Januari 1955, ulioingia kwa mlango wa nyuma.

Lakini tusimpe sifa kuliko stahili yake, maana sisi ni watu wa sarufi. Alichobadilisha Hopper kilikuwa msamiati. Mpangilio wa sentensi ulibaki wa Kiingereza, na Kifaransa na Kijerumani, vikiwa jirani, vilikaa humo bila kubanwa sana. Kwa Kiswahili amri tupu zingepita: soma faili A, ongeza bei, nenda hatua ya 14. Tatizo lingeanza kwenye upatanisho. Faili inasomwa, kitabu kinasomwa, majina yanasomwa. Kitenzi chetu hubeba alama ya kile kinachotendwa, na mashine inayotambua neno kwa kulifananisha herufi kwa herufi ingekikataa kila kimoja isipokuwa umeiorodheshea vyote. Si kwamba haiwezekani. Ila angelazimika kuja mtu anayejua ngeli, akae meza moja na mhandisi. Huko Philadelphia mtu huyo hakuwepo, na hakuna aliyemwulizia.

Kiingereza peke yake, basi. Mwisho wa mwaka 1956 UNIVAC ilikuwa ikifuata amri 20 hivi za maneno. Lugha hiyo ikaitwa FLOW-MATIC, ikaanza kutumiwa na wateja. Kufikia hapo kampuni nyingine nazo zilikuwa na lugha zao, kila moja na yake, na programu iliyoandikwa kwa mashine moja ilikuwa bubu mbele ya nyingine. Tarehe 28 na 29 Mei 1959 watu kama 40 kutoka serikalini na kwa watengenezaji walikutana katika makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani kutafuta lugha moja ya biashara. Hopper alikuwa miongoni mwa walioitisha jambo hilo. Lugha iliyotoka iliitwa COBOL.

Hapa tena pana sifa ya kurekebisha. Huitwa mama wa COBOL, lakini walioandika kanuni zake walikuwa kamati ya watu sita, wakiwemo Jean Sammet na Gertrude Tierney, na Sammet alilalamika hadi uzeeni kwamba jina hilo linafuta kazi ya wenziwe. Alikuwa na haki. Ukweli ni kwamba FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa kielelezo chao kikubwa, na ndiyo pekee kati ya vielelezo vyao iliyokuwa imekwisha kutumika kazini. Mashaka yalikuwa mengi kiasi kwamba mmoja wa wanakamati, Howard Bromberg, alinunua jiwe la kaburi, akachonga juu yake jina COBOL, akampelekea mwenyekiti wa mkutano. Desemba 1960 programu ileile ya COBOL ilipita katika kompyuta za kampuni mbili tofauti na kutoa jibu lilelile. Jiwe likabaki bila maiti.

Wasomi wa vyuo hawakuipenda. Edsger Dijkstra, Mholanzi mwenye kalamu kali, aliandika mwaka 1975 kwamba kuitumia COBOL hulemaza akili, hivyo kuifundisha kuhesabiwe kosa la jinai. Waliona maneno mengi, sentensi ndefu, uzito. Ni kweli COBOL inasema mengi. Lakini aliyeisoma baada ya miaka 10 aliweza kujua mwenziwe alikusudia nini, na mabenki yalilijali hilo kuliko uzuri.

Jeshi la majini lilimstaafisha mwisho wa mwaka 1966. Aliieleza siku ile kuwa ya huzuni kuliko zote maishani mwake. Agosti 1967 wakamrudisha kwa miezi sita, kwa kuwa COBOL za jeshi zilikuwa zimegawanyika kama lahaja na hawakupata mwingine wa kuzisanifisha. Miezi sita ikawa karibu miaka 19, ukiondoa mapumziko mafupi. Alitunga programu za kupima kama kompaila ya muuzaji inafuata kanuni, iliyofeli haikununuliwa. Walioshiriki semina zetu za usanifishaji wa istilahi wangetamani kuwa na rungu kama hilo.

Ofisini mwake alitundika saa iliyokwenda kinyume, ili mgeni aliyesema jambo halijawahi kufanywa hivyo aikodolee macho akaone kwamba saa inaonyesha wakati vilevile. Katika mihadhara alikuwa na vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, akavigawa kwa wasikilizaji: huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Maamiri waliouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa walipewa waya, wakaambiwa wahesabu vipande kati yao na angani. Bado alikuwa mwalimu wa Vassar.

Mwaka 1983 alipandishwa cheo na Rais Reagan kwa uteuzi wa pekee, na mwaka 1985 cheo hicho kikawa cha amirali. Tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi lile, alistaafu juu ya meli ya zamani Constitution, bandarini Boston. Hakukaa nyumbani, kampuni ya kompyuta ilimwajiri mara moja kama mshauri.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992 nyumbani kwake Arlington, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa yaliyo mji huohuo. Alikuwa akisema angependa kuuona mwaka 2000, kwa sababu ya sherehe, na ili awacheke wale waliodai kompyuta haiwezi hiki na kile. Umebaki miaka minane tu kuufikia. Angeukuta katika fujo: programu nyingi za COBOL zilikuwa zimeandika mwaka kwa tarakimu mbili, ili kuokoa nafasi katika kadi za safu 80, na hakuna aliyejua mashine zingeiona 00 kuwa mwaka gani. Walioweza kuzisoma walikuwa wamezeeka. Wakapigiwa simu, mmoja mmoja, watoke katika pensheni warudi kazini.